Ghorofa ya pili, watoto wawili: kigari kipi?

SWALI: Shikamoo bi. Ninaishi Plumstead, kusini-mashariki mwa London, ghorofa ya pili katika nyumba ya zamani iliyogawanywa. Lifti hakuna, gari hatuna. Mwanangu wa kwanza ana miezi 21 na wa pili namtarajia baada ya wiki sita hivi. Safari zangu ni kliniki, sokoni Woolwich, na kwa dada yangu Lewisham kwa basi. Kigari cha mtoto mmoja tunacho, chepesi, bado kizima. Sasa mume wangu ameona dukani kigari cha viti viwili, kimoja juu kimoja chini, amekipenda sana. Dada yangu anasema cha ubavu kwa ubavu ndicho chenyewe. Mama mkwe kwa simu kutoka Tanga anauliza kwani mbeleko imekwenda wapi. Uzazi wa kwanza nilifanyiwa upasuaji. Tumetenga pauni 400, na Desemba tunatarajia kwenda Tanga. Nishauri tafadhali.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu akujaalie ujifungue salama. Kazi yangu ni kutengeneza vigari vilivyochoka, kwa hiyo navijua zaidi kwa tumboni kuliko kwa sura. Na kabla hatujafika kwenye viti vya juu na vya chini, nina swali ambalo muuzaji hatakuuliza: hicho kigari kitalala wapi?

Nyumba kama yenu zilijengwa kwa ajili ya familia moja, zikaja kukatwakatwa baadaye. Korido ya chini ni ya wapangaji wote, na ndiyo njia ya kukimbilia moto ukitokea. Sheria ya usalama wa moto ya England ya mwaka 2005 inamtaka anayesimamia jengo aiache njia hiyo wazi. Ndiyo maana wapangaji hupata barua za kuamrishwa waondoe vigari na baiskeli kwenye ngazi, na zile barua si za kutishia tu: wengine huja wakakuta kigari kimeshachukuliwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza, leo hii, mwandikie mwenye nyumba. Mwandikie, usimpigie simu, ubaki na maandishi. Muulize kama kuna nafasi chini ya ngazi isiyo kwenye njia, au kibanda cha mapipa ya taka, au kona ya ua wa mbele unakoweza kukifunga kwa mnyororo na kukifunika turubai. Jibu lake litaamua mambo mengi kuliko ushauri wangu.

Akikataa, kila kitu kitapanda ngazi. Tupige hesabu. Vigari vingi vya watoto wawili vina uzito wa kilo 13 hadi 17, vikiwa vitupu. Mtoto wa miezi 21 ana kilo 11 au 12. Mchanga atakuja na kilo tatu au nne. Na ukifanyiwa upasuaji tena, mkunga atakwambia kwa muda wa wiki sita hivi usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako mchanga. Hapo hata kile kigari chepesi mlicho nacho kimeshapita kipimo, na kaka mtu mwenyewe amekipita mara mbili na zaidi. Simaanishi kukutisha. Ninamaanisha kwamba mtoto wako mkubwa aanze sasa hivi kupanda ngazi kwa miguu yake, kila siku, hata kama mtachelewa. Miezi 21 anaweza, akishikwa mkono. Mkipanda, yeye atangulie nawe uwe nyuma yake. Mkishuka, wewe utangulie. Hizi wiki sita zilizobaki zinatosha kumfanya aone ni mchezo wake.

Kitu cha pili ni futi kamba. Milango ya ndani ya Uingereza kwa kawaida ni ya milimita 762, na wa mbele 838, lakini huo ni upana wa ubao wa mlango, siyo wa uwazi. Mlango ukifunguka, unene wake na fremu vinakula sentimita kadhaa. Pima uwazi wenyewe, mlango ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho, kutoka kwenye uso wa mlango hadi fremu ya pili. Na nyumba za zamani hazifuati vipimo vya vitabu, kwa hiyo usiniamini mimi, amini futi. Kisha pima pale korido inapokata kona. Pembeni hapo adui si upana, ni urefu, na watu wengi wanakuja kugundua hilo kigari kikiwa kimeshanunuliwa.

Sasa tuingie kwenye mabishano ya nyumbani kwenu.

Mume wako hakukosea kuvutiwa. Kigari cha juu na chini kina upana ule ule wa kigari cha mtoto mmoja, kati ya sentimita 60 na 66, kwa hiyo mlango haukusumbui, wala njia ya duka lenye rafu zilizobanana. Vingine vinanunuliwa kama kigari kimoja, kiti cha pili kikaongezwa baadaye. Ila dukani sakafu ni laini na viti ni vitupu. Barabarani mambo ni mengine. Ili upande ukingo wa njia ya miguu unakandamiza mpini ili magurudumu ya mbele yainuke, na uzito ukiwa umekaa mbele, kukandamiza huko kunamalizikia mgongoni na kwenye mshono wako. Kona unazikata kwa duara kubwa. Halafu tazama huyo atakayekaa chini: mara nyingi anaangalia mgongo wa kiti cha mwenzake na magurudumu ya watu, miguu yake haina pa kwenda, na kiti kile huwa na kikomo chake cha uzito ambacho ni kidogo kuliko cha juu. Mtoto anayekaribia miaka miwili, mrefu, atakikataa kile kiti cha chini kabla hakijachakaa. Mumeo akisisitiza, mwambie tu arudi dukani na mtoto, amkalishe hapo chini, amzungushe dakika 10. Asiseme neno, amwache mtoto atoe hukumu.

Cha ubavu kwa ubavu kina sifa ambazo dada yako anazijua. Kila mtoto ana kiti kamili, anaona mbele, na viti vinalazwa kimoja kimoja, mmoja akalala na mwingine akakaa. Uzito unakaa katikati ya magurudumu, kwa hiyo ukingo wa barabara unaupanda kwa jasho kidogo zaidi ya kigari cha mtoto mmoja. Vyepesi vyake vina kilo 9 au 10 na vinajikunja kuwa bapa. Tatizo ni upana: vingi viko kati ya sentimita 74 na 76, vichache vyembamba vinakaribia 65. Na kuna jambo la kuudhi ambalo hukuti kwenye matangazo. Watoto wako watatofautiana kilo saba au nane, na kigari kitakuwa kinavuta kuelekea upande wa mzito. Njia za miguu nazo zimeinamishwa kidogo kuelekea barabarani ili maji ya mvua yashuke. Ukimweka mkubwa upande wa barabara, mivuto miwili inaungana na mkono wako mmoja hautapumzika. Mweke upande wa nyumba mkiwa mnakwenda mbali. Kurudi utavumilia, au ubadilishe njia. Na ndiyo, atamvuta mdogo wake nywele. Lakini kwenye kile cha juu na chini atampiga mateke, kwa hiyo hapo hakuna anayeshinda.

Kuna na vile vinavyobadilika, vya kutanuka. Bugaboo Donkey, ambacho pengine umewaona akina mama wa Greenwich nacho, kina sentimita 60 kikiwa cha mtoto mmoja na 74 kikiwa cha wawili. Ni kazi nzuri ya uhandisi, nakiri kila kikipita mezani kwangu. Ni kizito, na kipya kinapita pauni 1,000. Hapana.

Nije kwenye basi, kwa sababu kwako basi ndiyo gari.

Nafasi ya kiti cha magurudumu ndani ya basi la Uingereza, kwa kanuni, haipungui sentimita 130 kwa 75. Ndipo vigari vya watoto husimama pia, lakini tuelewane vizuri: nafasi ile ni ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu kwanza. Mwaka 2012 bwana mmoja aitwaye Doug Paulley alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ilikuwa na kigari chenye mtoto aliyelala, mama wa mtoto akakataa kusogea kwa kuwa kigari hakikunjiki, na bwana Paulley akaachwa kituoni. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, na Januari 2017 majaji wakaamua kwamba dereva haitoshi aombe mara moja halafu aendelee na safari. Inabidi afanye zaidi. Mimi nasema ni haki. Kwako maana yake ni kwamba siku moja, kwenye 177 au 54, utaombwa ukikunje kigari au ushuke usubiri basi linalofuata, na itabidi uweze.

Kwa hiyo hapa ndipo ninapompima muuzaji. Nenda dukani na mbeleko yako, ndani yake uweke pakiti mbili za unga wa kilo mbili mbili. Mkono mmoja mshike mwanao. Mkono uliobaki, kunja kigari. Kama kinahitaji mikono miwili na mguu na dua, kirudishe kwenye rafu. Cheka ukitaka, lakini hakuna kipimo kingine kinachofanana na saa tisa alasiri ndani ya basi la Woolwich shule zikiwa zimetoka.

Mambo madogo ya basi: gusa kadi yako mbele, halafu muombe dereva akufungulie mlango wa kati, ni mpana na uko karibu na nafasi yenyewe. Egesha kigari mgongo kwa mwendo wa basi kama nafasi inaruhusu, weka breki, na usitundike mfuko wa viazi kwenye mpini. Mifuko ya mpini ndiyo inayopindua vigari. Anashuka mtoto mkubwa, uzito wa mbele unaondoka, na mdogo anakwenda chali.

Treni kwenu ni nafuu kuliko sehemu nyingi za London. Stesheni ya Woolwich Arsenal kuna DLR, ile reli nyepesi, tangu 2009, na vituo vyote vya DLR unafika jukwaani bila ngazi. Elizabeth line ilifunguliwa Woolwich 2022, nayo vituo vyake vyote vina lifti au njia bapa kutoka barabarani. Huko katikati ya jiji ndiko mtego ulipo, ukibadilisha kwenda mistari ya zamani ya chini ya ardhi, ambako vituo vingi havina lifti. Ngazi za umeme usipande na kigari kilichofunguliwa, hata ukiona wengine wanafanya. Jukwaani weka breki hata ukiwa umekishika, na kigeuze kikae sambamba na reli, kisiangalie reli. Majukwaa mengine yana mteremko usioonekana, na treni isiyosimama inakuja na upepo wake. Ukitamani kupita kwenye lile handaki la miguu la Woolwich la mwaka 1912, watoto wanalipenda kwa mwangwi wake, angalia kwanza kama lifti zinafanya kazi pande zote mbili.

Na kilima. Kutoka stesheni ya Plumstead kwenda juu kwenye Plumstead Common, ule uwanja wa wazi, si mchezo. Kigari cha kilo 10, mkubwa kilo 12, mdogo kilo 5, ununuzi kilo 5: unasukuma kilo 32 kwenda juu, na muhimu zaidi, unazizuia zisikukimbie kwenda chini. Kamba ya kiganja iliyoshonwa kwenye mpini siyo pambo. Kama kigari hakina, shona mkanda mfupi imara. Kwa barabara zenu mimi ningechagua tairi zilizojazwa sponji kuliko za upepo. Za upepo ni laini zaidi, lakini vipande vya chupa vya Jumapili asubuhi havina huruma, na pancha ukiwa na watoto wawili si habari ya kusimulia.

Mtoto mchanga, sheria yake ni moja: alale bapa. Mpaka aweze kukaa mwenyewe, karibu miezi sita, kiti chake kilale kabisa au awe kwenye kitanda cha kigari. Matangazo mengi yanaonyesha kiti cha gari cha mtoto kikipachikwa juu ya fremu. Hicho ni cha garini. Akikunjika humo kidevu kinaegemea kifua, njia ya hewa inabanwa, na ushauri wa Uingereza ni asikae humo zaidi ya saa mbili mfululizo, mchanga kabisa hata kidogo kuliko hapo. Wewe gari huna, kwa hiyo usilipie kitu hicho. Angalia lebo ya BS EN 1888, ndicho kiwango cha usalama cha vigari. Tangu 2018 kina sehemu mbili, ya watoto mpaka kilo 15 na ya mpaka kilo 22, na mkubwa wako hayuko mbali sana na ile 15. Na kiangazi kikija, usitupie kanga wala blanketi juu ya kigari ili kuzuia jua. Hewa inakwama, joto linapanda haraka, nawe nje huoni kitu. Mwavuli wa kubana unatosha.

Mbeleko sasa. Mama mkwe ana hoja kubwa kuliko mnavyompa. Kwa wiki nyingi za mwanzo mtoto mchanga mahali pake pazuri ni kifuani kwako, na kaka yake kwenye kile kigari chepesi mlicho nacho. Mikono miwili inabaki ya kusukuma, mlango wowote unapita, basi halina kesi. Ninapotofautiana naye ni mgongo. Mgongoni ni kwa mtoto ambaye shingo imekaza; mchanga awe mbele, wima, amebanwa usiache mkunjo wa kumzamisha, uso unauona bila kufunua nguo, ukiinama kidogo unaweza kumbusu utosi, kidevu hakijagusa kifua, na mgongo umeshikwa. Kanga nyembamba ya kawaida inateleza na inalegea mwendoni, hasa juu ya sweta. Tafuta kitambaa kirefu kilichofumwa kwa kazi hiyo au cha mikanda. London kuna watu wanaokodisha na kufundisha kufunga, wanaita maktaba za mbeleko. Jaribu kabla ya kununua. Wakati wa baridi mtoto asivae lile vazi nene la manyoya ndani ya mbeleko. Vaa wewe koti kubwa, mfunge nalo hadi mabegani, kichwa chake kiwe nje.

Kama itakuwa upasuaji tena, muulize mkunga kuhusu mkanda utakaopita juu ya mshono. Kuna namna za kufunga zinazopita juu ya tumbo bila kugusa chini. Lakini akikwambia ngoja, ngoja.

Basi ushauri wangu ni huu: usinunue chochote kabla ya kujifungua. Najua mumeo ana hamu, na pauni 400 zikikaa zinawasha mfukoni. Kwa wiki sita au nane za mwanzo, mchanga kifuani, mkubwa kwenye kigari cha zamani, na hicho cha zamani mumeo akishushe asubuhi kabla hajaenda kazini na kukipandisha akirudi. Kama zamu zake hazikubali, ndiyo maana nikasema barua kwa mwenye nyumba ianze leo. Mtoto anapozaliwa, mkubwa atakuwa na miezi 22 au 23. Mbao za kusimama zinazofungwa nyuma ya kigari nyingi zinaanzia miaka miwili, mpaka kilo 20. Unaona mwenyewe: haja yako ya kigari cha watoto wawili ina dirisha dogo, pengine mwaka mmoja. Baada ya hapo mdogo atahamia kwenye kiti na mkubwa atasimama kwenye ubao, au atembee akilalamika.

Ila sitakudanganya kwamba utaweza bila hicho mwaka mzima. Mtoto wa miaka miwili bado analala mchana, kilima ni kilima, na mdogo akifika kilo saba mgongo wako utasema. Ukifika hapo, tafuta cha ubavu kwa ubavu cha mkono wa pili, kisichozidi sentimita 75, kilo 10 au 11, angalau kiti kimoja kikiwa kinalala bapa. Dada yako ameshinda, lakini kwa bei ya nusu au chini ya hapo. Msitarajie ile ruzuku ya serikali ya pauni 500 ya uzazi, kwa kawaida ni ya mtoto wa kwanza tu, labda mkijaliwa mapacha. Ubaki na angalau pauni 200 za mambo mengine, maana mtoto wa pili naye ana mahitaji yake hata kama watu husema nguo zipo.

Ukienda kukiona kwa muuzaji, usikiangalie kitambaa kwanza. Kitambaa kinafuliwa. Kifungue na ukikunje mara kadhaa, na usikilize kama kufuli inajifunga kwa mlio mmoja mkavu. Inapaswa iwe na kufuli ya pili ya kuzuia kisijikunje na mtoto ndani, na hiyo ya pili ndiyo watu wanayoing'oa kwa kuwa inawachelewesha. Kitikise ukishika mpini: kikicheza kidogo kwenye maungio si neno, kikicheza sana maana yake ribiti zimekwisha. Pitisha kidole chini ya fremu karibu na magurudumu ya mbele, huko ndiko aluminiamu inakopasuka, na ufa wa aluminiamu hauchomelewi nyumbani. Breki ijaribu kwenye mteremko, mwanao akiwa ndani na wewe ukiwa mbele yake. Mikanda iwe ya pointi tano pande zote mbili, na kifungo chake kifunguke kwa nguvu yako siyo ya mtoto.

Gurudumu la mbele likiyumba kama la toroli la dukani, usikimbie. Mara nyingi ni nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye ekseli. Litoe, kata uchafu kwa mkasi, nyunyiza silikoni. Usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Mafuta yanashika mchanga, na mchanga unakula ekseli. Hilo peke yake limewafanya watu wengi watupe vigari vizima.

Bawaba nazo. Vigari vya kujikunja kama mwavuli vilibuniwa na Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire, na cha kwanza chake kilikuwa na kilo zisizofika tatu. Wazo zuri ajabu, lakini chuma kinachojikunja ni mkasi. Mwaka 2009 huko Marekani vigari karibu milioni moja vya jina lake vilirudishwa kwa kuwa bawaba zilikata ncha za vidole vya watoto kadhaa, na wateja wakapewa vifuniko vya bawaba. Ukikutana na kikuukuu cha aina yoyote chenye bawaba wazi, viulizie vifuniko au kiache. Na utaratibu wa nyumbani: kigari hakifunguliwi wala kukunjwa mtoto akiwa ndani ya hatua mbili.

Mfuniko wa mvua uwe wa kigari hicho hicho; wa kubahatisha unapepea na upepo wa Thames unamaliza kazi.

Safari ya Tanga: cha watoto wawili kiache London. Mashirika mengi ya ndege yanakubali usukume kigari hadi mlangoni mwa ndege, lakini uliza lako kabla, na uliza kitarudishwa mlangoni au kwenye mikanda ya mizigo, kwa sababu kungojea saa nzima na watoto wawili mikononi si utani. Chukua kile chepesi cha mtoto mmoja. Ondoa kishikio cha kikombe na kila kinachong'oka, kifunge kwa plastiki, andika jina na simu kwa kalamu isiyofutika, kipige picha kabla ya kukikabidhi. Barabara za Ngamiani na mchanga wake zitakushinda na kigari cha upana wa sentimita 75, na bajaji haitakiingiza. Huko mdogo atakuwa kwenye mbeleko na mkubwa kwenye mikono ya shangazi zake, kwa hiyo hicho chepesi chenyewe utakitumia uwanja wa ndege tu na kwenye mabasi ya kwenda na kurudi Dar. Mama mkwe akikuuliza umemletea nini, hiyo si fani yangu.